Usipige Upya: Soma Kwanza Kioo Kinasema Nini

Steshenari nyingi za Ngamiani, hapa Tanga, zinaendeshwa na mashine za mtumba: Dell OptiPlex au HP Compaq, Core 2 Duo, RAM ya GB 2. Ukiiwekea mashine kama hiyo antiX, Puppy au Lubuntu, matoleo mepesi ya Linux, inapata uhai mpya. Kasheshe huja mwishoni. Usakinishaji umekamilika, flashi imechomolewa, mashine inawashwa, na kwenye kioo cheusi yanatokea maneno mawili: grub rescue. Mafundi wengi hapa Tanga wakifika hapo wanarudisha flashi na kupiga mfumo upya. Mteja naye anasukuma: "Fundi wangu, we piga tu, nina watu wanasubiri kuprinti."

Mimi tabia hiyo naipinga. Kupiga upya kunafuta barua, CV na vyeti vya watu vilivyokuwa kwenye diski, na mara nyingi kosa linarudi lilelile kwa sababu chanzo chake hakikuguswa. Butiloda, yaani programu inayoamsha mfumo (hapa ni GRUB), ikigoma, Linux yenyewe kwa kawaida ipo salama palepale ilipowekwa. Na ujumbe wa kosa, ambao wengi wanaupita kama tangazo, unakuonyesha safari imekatikia wapi.

Kwenye mashine za BIOS (programu ya ubaoni inayowasha mashine kwa njia ya zamani), GRUB imekatwa vipande. Kipande cha kwanza kinakaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512: 446 ni za programu, 64 ni jedwali la patisheni (mgawanyo wa diski), 2 za mwisho ni saini ya sekta. Baiti 446 haziwezi kusoma faili lolote, kwa hiyo kazi yake ni kurukia kipande cha pili, kilichofichwa kati ya sekta hiyo na mwanzo wa patisheni ya kwanza. Kipande cha pili ndicho kinachofungua folda ya /boot/grub, kupakia moduli na kuchora menyu.

Basi kama kioo kinasema No bootable device au Operating system not found, GRUB haijaguswa kabisa. Usiifikirie bado, angalia mpangilio wa kuwasha kwenye BIOS (Dell ni F2, HP ni F10). Zipo BIOS za zamani zinazokataa kabisa diski isiyo na patisheni yenye alama ya "boot", ingawa GRUB haiihitaji. Weka alama hiyo kwa GParted, au:

sudo sfdisk --activate /dev/sda 1

Likitokea neno GRUB peke yake kisha kimya, kipande cha kwanza kimesoma na cha pili kimeharibika au hakipo. GRUB Hard Disk Error au Read Error inaelekea zaidi kwenye diski, au kwenye BIOS inayoshindwa kufika mbali. BIOS za zamani sana zinaishia GB 137; dawa yake ni patisheni ndogo ya /boot, MB 512, mwanzoni kabisa mwa diski. Ukiona grub rescue>, vipande viwili vya mwanzo vyote vinafanya kazi ila folda ya moduli haionekani. Ukiona grub> bila neno rescue, moduli zimepatikana na kilichokosekana ni faili la grub.cfg tu. Tofauti ya neno moja, lakini kwenye grub> unaweza kubonyeza Tab ikakumalizia majina ya mafaili, na kwenye rescue huwezi.

Pale kwenye rescue amri ni chache. Andika ls uone patisheni, kisha zipekue moja moja, kwa mfano ls (hd0,msdos1)/ mpaka uone folda ya boot. Ukiipata:

set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
set root=(hd0,msdos1)
insmod normal
normal

Menyu inatokea na mfumo unawaka. Hiyo ni huduma ya kwanza. Ukizima bila kumalizia na sudo grub-install /dev/sda, halafu sudo update-grub, kesho asubuhi unaitwa tena.

Kuna dalili moja ambayo fundi akiijua anaokoa muda mwingi: mashine inawaka flashi ikiwepo, ukiichomoa inagoma. Maana yake butiloda iliandikwa kwenye flashi badala ya diski. Mashine ikiwashwa kutoka kwenye flashi, flashi inaweza kuitwa sda na diski ikawa sdb, na msakinishaji anakubali jibu alilopendekezewa bila kulisoma. Kabla ya kuandika amri yoyote ya grub-install, tambua diski kwa ukubwa na jina lake, usiamini herufi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE

Na butiloda inaandikwa kwenye diski nzima, /dev/sda, si /dev/sda1. Kwenye Debian na jamaa zake ongeza sudo dpkg-reconfigure grub-pc, weka alama kwenye diski sahihi kwa kitufe cha nafasi, uthibitishe. Hatua hiyo wengi wanairuka, kisha miezi kadhaa baadaye sasisho linaandika moduli mpya upande mmoja huku kipande cha pili cha zamani kikiwa kwenye diski nyingine. Hapo unapata symbol 'grub_calloc' not found, kosa lililowatesa wengi baada ya masasisho ya usalama ya Julai 2020. Diski zilizonakiliwa kutoka ya zamani kwenda SSD ndizo zinazoangukia humo zaidi.

GPT, aina mpya ya jedwali la patisheni, nayo ina kisa chake kwenye mashine ya BIOS. Jedwali la GPT linakaa palepale ambapo kipande cha pili kilizoea kujificha, kwa hiyo GRUB inadai chumba chake: patisheni ya MB 1, isiyo na mfumo wa mafaili, yenye alama ya bios_grub. Isipokuwepo, grub-install inalalamika wazi kwamba hakuna BIOS Boot Partition. Msilazimishe kwa --force. Kama diski haizidi TB 2 na mashine ni ya BIOS, ushauri wangu ni jedwali la msdos tu (lile la zamani), patisheni ya kwanza ianzie sekta 2048. Zile diski za enzi za XP zilianzia sekta 63, nafasi ya kama KB 31 tu, na GRUB ya leo inaweza kukataa kwa kusema core.img haitoshei.

Kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, hesabu inabadilika: inatakiwa patisheni ya FAT32 yenye faili la butiloda ndani ya folda ya EFI. Kosa kubwa ni kuwasha flashi kwa njia ya Legacy (ile ya BIOS) na kusakinisha kwenye diski ambayo mashine itaiwasha kwa UEFI. Kagua kabla hujaanza: ukiwa ndani ya flashi andika ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, upo UEFI; isipokuwepo, upo Legacy. Kuna laptopu, HP zikiwemo, zinazosahau jina la Linux kila zikizimwa. Hizo ongezea grub-install neno --removable, ambalo linaweka nakala kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo UEFI hutafuta ikikosa maelekezo mengine.

Mfumo ukigoma kabisa kuwaka, washa flashi na uingie ndani ya diski kutoka nje:

sudo mount /dev/sda1 /mnt
for d in dev proc sys; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install /dev/sda
update-grub

Kwa UEFI, kabla ya chroot pachika patisheni ya FAT32 kwenye /mnt/boot/efi. Flashi yenyewe iwe imewaka kwa UEFI, la sivyo GRUB itakayowekwa si ya UEFI. Wenye antiX wana programu ya Boot Repair inayofanya kazi hii kwa kubofya, na hakuna aibu kuitumia.

Puppy ina njia yake. Wengi wanaiwasha kwa grub4dos, butiloda nyingine, inayosoma menu.lst na faili la grldr. Ikigoma baada ya kufomati patisheni kwa zana mpya, shuku ext4: tangu 2016 zana za ext4 huwasha kipengele cha 64bit, ambacho grub4dos ya zamani haikielewi. Fomati kwa mkfs.ext4 -O ^64bit, au tumia ext3, Puppy haitaona tofauti.

Wanaohangaika bure zaidi ni wale wanaofika kwenye (initramfs), kituo cha muda cha Linux inapowaka, wakaendelea kuilaumu GRUB. GRUB imeshamaliza kazi na kukabidhi. Ikisema UUID fulani (namba ya utambulisho wa patisheni) does not exist, linganisha matokeo ya blkid na root=UUID iliyo kwenye /proc/cmdline. Huenda patisheni ilifomatiwa ikapata namba mpya. Ikisema RUN fsck MANUALLY, mara nyingi umeme ulikatika mashine ikiwa inaandika: fsck -y /dev/sda1, kisha reboot.

Na kwa hewa yetu hii ya pwani, usidharau betri ya CR2032 ya ubao mama na kutu kwenye vishikio vyake. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka na BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani kila umeme ukikatwa ukutani. Mfumo uliosakinishwa kwa Legacy haupatikani tena mashine ikijirudisha UEFI. Pima: betri mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Fundi anayepiga mfumo upya kwa sababu ya betri anamdhulumu mteja, hata kama hajui.

Kupiga upya kuna mahali pake. Endesha sudo smartctl -a /dev/sda, inayosoma afya ya diski, utazame mistari mitatu. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda kila siku, badilisha waya wa SATA kwanza. Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector zikiwa zinaongezeka, diski inakwenda, na hakuna grub-install itakayoiponya. Hapo nakili mafaili ya mteja kwenye diski nyingine, ddrescue ikibidi, funga diski mpya, ndipo upige.