Tinian: uwanja uliomezwa na milusina unafufuliwa

Katika ncha ya kaskazini ya Tinian, kisiwa kilicho chini ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki, kuna mashimo mawili yaliyofunikwa kwa vioo. Ukichungulia unaona kuta za zege, basi. Lakini mnamo Agosti 1945 bomu la atomiki la Hiroshima liliteremshwa katika mojawapo, kwa kuwa lilikuwa kubwa mno kupita chini ya tumbo la ndege. Ndege hiyo ya kudondosha mabomu, aina ya B-29, ikarudishwa kinyumenyume hadi juu ya shimo, kisha jeki ikalinyanyua bomu na kuliingiza ndani. Siku chache baadaye bomu la Nagasaki likapakiwa kwa njia hiyohiyo.

Uwanja huo ni North Field. Una njia nne za kurukia, kila moja ikiwa na urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, na tabaka lake ni matumbawe yaliyosagwa. Uliachwa mwaka 1947. Kilichofuata mkulima wa huku kwetu atakielewa bila kuelezwa: mlusina, mti uleule tunaowapandia mbuzi na ng'ombe, ulipata nafasi ukajaa kila mahali. Wenyeji wanauita tangantangan. Kwa miongo mingi, aliyetaka kuuona uwanja huo alipita katikati ya vichaka hivyo hadi akatokea kwenye mashimo.

Sasa vichaka vinafyekwa. Desemba 2023 Jenerali Kenneth Wilsbach, aliyeongoza vikosi vya anga vya Marekani katika Pasifiki, alitangaza kwamba uwanja utarudishwa kazini, na mwaka 2024 kampuni ya Fluor ikapewa kandarasi ya dola milioni 409.

Jeshi lina hoja, na si hoja nyepesi. Ndege nyingi za Marekani eneo hilo hutegemea kambi ya Andersen iliyoko katika kisiwa cha Guam, chini ya kilomita 200 kutoka Tinian, na makombora ya China yanaweza kuifikia. Ukiweka mayai yote kwenye kapu moja, anayetaka kuyavunja hana kazi kubwa. Ndiyo maana ndege zinatafutiwa viwanja vingine. Isitoshe, theluthi mbili ya kisiwa tayari imekodishwa kwa jeshi, na uchumi wa pale ni dhaifu: kasino kubwa ilishafungwa, kisha Oktoba 2018 kimbunga Yutu kikabomoa kilichosalia. Mtu asiye na kazi hawezi kulaumiwa akiipokea kandarasi kwa mikono miwili.

Wanaohoji mradi, hata hivyo, huchukuliwa haraka kama watu wanaoipinga Marekani, au wanaolilia magofu. Hapo ndipo wanapodhulumiwa. Wakazi wa Tinian ni raia wa Marekani, ingawa hawapigi kura ya kumchagua rais. Chama cha Tinian Women Association kilipokwenda mahakamani mwaka 2016 kuhusu mipango ya mazoezi ya kijeshi, hakikudai jeshi liondoke. Kilidai madhara ya mipango hiyo yapimwe kwa pamoja, badala ya kipande kimoja kimoja. Mwaka 2020 kikashindwa katika rufaa.

Hebu tuirudie hoja ya kutawanya ndege, tuifuate hadi mwisho wake. Kazi ya kiwanja cha ziada ni kumlazimisha adui agawe makombora yake. Maana yake ni kwamba baadhi ya makombora hayo yamekwishahesabiwa kuwa ya Tinian. Kwenye ramani ya mpangaji wa vita, hiyo ni nukta moja zaidi. Kwa mkazi wa San Jose, kijiji kilicho kusini mwa kisiwa hichohicho, nukta hiyo ni nyumbani. Tinian ina ukubwa wa kilomita za mraba 101 hivi, na sensa ya 2020 ilikuta watu 2,044. Guam ikishambuliwa, bado kuna Tinian ya kutumia. Tinian ikishambuliwa, watu hao wakimbilie wapi? Dola milioni 409 zinalipia lami na ufyekaji. Swali hilo halijibiwi na lami.

Na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuko mbali na mashimo yale. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na vibarua wa Kikongo chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, katika nchi ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na ya sokoni. Shinkolobwe na Tinian zote zilitumika katika hesabu zilizopigwa kwingine. Kwa hiyo mkazi wa Tinian anapoomba hesabu mpya ifanyike mbele yake, simwoni kama mkorofi.

Haraka yake pia ina sababu. Ukodishaji wa ardhi ulianza mwaka 1983, wa miaka 50. Ukifika 2033, Marekani inaweza kuuongeza kwa miaka 50 mingine ikitaka, bila kulipa kodi nyingine, kwa sababu malipo ya mwanzo yalihesabiwa kufunika vipindi vyote viwili. Watu wa Tinian hawana kura katika uamuzi huo. Walichobaki nacho ni kudai masharti sasa, kabla lami haijakauka: mpango wa kuwahamisha raia, maji safi, na njia ya kufika kwenye mashimo yale ambayo haitafungwa kwa geti.