Tamthilia uwanjani: tamasha likue kwa viti au kwa safari?

Kundi la jamii likiigiza Shakespeare au Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, nje, kwenye uwanja wa shule, na watu wakajaa, mwaka unaofuata huja maneno yaleyale: tuweke uzio, tuuze tiketi, tutafute mdhamini, tujenge jukwaa kubwa. Wanaosema hivyo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Mimi nataka tamasha la aina hii nchini Uganda likue kwa kutembea, lisikue kwa kuongeza viti mahali pamoja. Lakini tuanze na wao.

Kwanza, giza. Uganda iko kwenye ikweta, na jua huzama mnamo saa moja jioni mwaka mzima. Ulaya wakati wa kiangazi, mchezo wa nje unaweza kwenda muda mrefu kwa mwanga wa jua. Mtu wa Kampala anatoka kazini, anakwama kwenye foleni ya magari, na akifika uwanjani usiku umeshaingia. Kwa hiyo taa ni lazima, jenereta na mafuta vilevile, na vyote ni pesa. Ongeza mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Kisha kuna mwigizaji mwenyewe. Ukimfanyisha mazoezi wiki nyingi bila hata nauli ya bodaboda, utampoteza; atakwenda kwenye vichekesho au televisheni, na hana kosa. Kiingilio cha bure kina mtu anayekilipia, na mara nyingi ni kijana asiye na kitu.

Matamasha makubwa ya dunia nayo yanawapa ushahidi. Stratford, mji wa Kanada uliotegemea karakana ya treni iliyokuwa ikididimia, ulianza tamasha la Shakespeare ndani ya hema mwaka 1953. Kufikia 1957 lilikuwa na jengo la kudumu, na mji mzima ukapata riziki mpya. Ni nani asiyetaka hivyo kwa Jinja au Mbale?

Ila ukubwa una gharama ambayo huonekana baadaye. Tamasha la Ashland, jimbo la Oregon nchini Marekani, lilianza mwaka 1935 kwa tahadhari kubwa. Halmashauri ya mji ilihofia hasara, ikataka mapigano ya ndondi yapangwe mchana ili yafidie maigizo ya usiku. Mwishowe maigizo ndiyo yaliyofidia ndondi. Likawa miongoni mwa matamasha makubwa ya Marekani, lenye watumishi na majumba ya kutunza. Mwaka 2018 moshi wa mioto ya misitu uliyavuruga maonyesho yake ya nje, na mwaka 2023 liliwaomba wananchi dola milioni 2.5 ili msimu usife. Kundi dogo likinyeshewa hupoteza jioni moja. Lenye mikopo na mishahara linaweza kupoteza uhai.

Kuna pia jambo la sauti na macho, ambalo wapanga bajeti hulisahau. Wagiriki wa kale waliketisha maelfu ya watu kwa sababu walichonga viti vya mawe kwenye mteremko, kila mtu akaona na kusikia. Uwanja wetu wa mpira ni tambarare: watu wakizidi mia chache, wa nyuma wanaona visogo tu. Hapo ndipo vipaza sauti huingia, na mwigizaji anayenong'ona kwa hofu anasikika kama mtangazaji wa mnada. Ndere Centre, kituo cha utamaduni kilichoko Ntinda, Kampala, ilifanya busara kujenga ngazi za kukalia. Na hivi Kabale na Kampala yenyewe vina uhaba wa vilima? Mteremko wa majani hauhitaji mkandarasi.

Kuhusu uzio, kisa cha New York kinanigusa. Mwaka 1957 Joseph Papp, mtayarishaji wa maigizo, alizunguka mitaa ya jiji hilo na maigizo ya bure juu ya lori. Mwaka 1959 Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji, alimtaka atoze kiingilio kufidia majani yanayokanyagwa. Papp alienda mahakamani akashinda, na mwaka 1962 akapata ukumbi wa kudumu wa wazi kwa maigizo yake ya bure ya Shakespeare. Hoja ya majani itakuja hapa pia, kutoka kwa kamati fulani ya uwanja. Ijibiwe mapema.

Lori tunalo kwenye historia yetu. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kundi la maigizo la kusafiri, la bure, likaigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Na kazi kongwe kwa Kiswahili zipo: Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, Samuel Mushi akatafsiri Makbeth na Mfalme Edipode. Najua Waganda wengi bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi. Hata hivyo, mwaka 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwanafunzi wa Busia au Arua anahitaji kukisikia kikibeba mapenzi, wivu na huzuni ya mfalme. Tamasha lililonata Kampala halitamfikia. Kampala tayari ina tamasha la kimataifa la maigizo tangu 2014.

Safari nayo ina mzigo wake, siufichi. Kila wilaya ni mazungumzo mapya na maofisa, na tamthilia zinazohusu wafalme waliopora kiti si nyepesi katika nchi ambako Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa Ukumbi wa Taifa, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977. Kundi linalohamahama halina wakili wala gazeti karibu. Kwa sababu hiyo ningeanza na wilaya tatu, nikirudi palepale kila mwaka hadi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na walimu wawe wenyeji wa tamasha. Fungu la kwanza la mdhamini liende kwenye posho za mazoezi, la pili kwenye lori na taa.