Msitu wa Rannoch, misitu ya Usambara, na swali la nani anaruhusiwa kuingia

Watanzania tunaoishi Scotland tukianza kulinganisha huku na nyumbani, mazungumzo huishia kwenye mishahara, matibabu na baridi. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, chini kidogo ya msitu wa Magamba, na jambo linalonifikirisha zaidi tangu nihamie Dundee ni jingine kabisa: namna mtu asiye na cheo wala shamba anavyoingia msituni, akakaa humo atakavyo, akatoka bila kuulizwa na yeyote. Katika hili naamini Waskoti wametuzidi, ingawa kwa utajiri wa misitu yenyewe sisi ndio tuliojaliwa.

Msitu wa asili ninaoujua vizuri zaidi huku ni ule uitwao Black Wood of Rannoch, ulio kando ya Ziwa Rannoch upande wa kusini, katika eneo la Perthshire. Ni sehemu ya masalia ya misitu ya kale ya misonobari iliyowahi kuenea katika nyanda za juu za Scotland, na ambayo leo imebaki vipande 84 tu vinavyotambuliwa rasmi. Mtu aliyekulia Tanzania akisikia msonobari huwaza mashamba ya Sao Hill au Shume, yaani miti iliyopandwa kwa mistari, yenye umri mmoja na kimo kimoja, na chini yake pakavu. Rannoch haifanani na hayo hata kidogo. Msonobari wa asili hujipinda na kutanua matawi upendavyo, gome lake la juu hung'aa kwa rangi ya machungwa jua linapolipiga, na baadhi ya miti hiyo imepita miaka 300. Katikati yake imeota mibetula, na mti mdogo uitwao rowan, wenye vishada vya matunda mekundu, ambao wazee wa huku waliupanda karibu na nyumba ili kuwazuia wachawi. Kuna pia mjunipa, kichaka ambacho mara nyingi hakizidi kimo cha mtu, nao ni ndugu wa karibu wa mtarakwa wa Shume, ambao unaweza kurefuka hata kupita mita 30. Nilipomweleza mke wangu undugu huo, alikitazama kile kichaka kwa huruma.

Ardhi imefunikwa na kuvumwani na vichaka vya kimo cha goti, vinavyozaa vitunda vya zambarau mwezi wa saba na wa nane, na kila apitaye huchuma na kula. Kando ya njia kuna vichuguu vya sisimizi vilivyorundikwa kwa majani makavu ya msonobari, vingine vikifika kiunoni. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alimwonyesha binti yetu jinsi ya kutandaza leso juu ya kichuguu bila kukigusa, kisha kuinusa: ilinuka siki, kwa kuwa sisimizi hao hurusha asidi wanapohisi hatari. Mzee huyo hakuwa askari wa misitu wala mwongoza watalii, bali mstaafu aliyekuwa akipita zake, na aliyajua hayo kwa sababu amekuwa akiingia msituni humo tangu utoto wake. (Usubi nao ulikuwepo tele, na yeyote anayewasifia wageni Scotland bila kuutaja usubi wa kiangazi hasemi ukweli wote.)

Uhuru huo una msingi wa kisheria. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003, ambayo sehemu yake ya haki ya kupita ilianza kutumika mwaka 2005, inampa kila mtu ruhusa ya kupita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi, iwe ni mali ya serikali au ya tajiri fulani, mradi awajibike: asikanyage mazao, asisumbue wanyama, afunge lango alilolikuta limefungwa, amdhibiti mbwa wake kipindi ambacho ndege wanaatamia. Anaweza hata kupiga hema kwa usiku mmoja au miwili. Haki hiyo haihusu magari, na maegesho huweza kulipiwa, lakini kwa mtu anayetembea hakuna tiketi, hakuna daftari la kusaini wala barua ya kuomba.

Hata uzio wa huku una kazi tofauti na niliyoizoea. Ukitembea nyanda za juu utakutana na uzio wa waya wenye kimo cha karibu mita 2, na mtu wa kwetu akiuona hugeuza njia. Ukiusogelea utakuta lango lisilo na kufuli, na pengine vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye waya ili ndege wakubwa wa msituni wauone na wasijigonge. Uzio huo umewekwa kwa ajili ya kulungu wekundu. Mbwa mwitu waliangamizwa huku karne kadhaa zilizopita, kulungu wakazidi kuongezeka, nao hula kila mche wa msonobari au mbetula unaochipua, hata pakawa na mabonde yenye miti mizee tu isiyo na mrithi. Mnyama anazuiwa, binadamu anafungua lango na kupita.

Kwetu mambo ni kinyume. Nilipokuwa mdogo tuliwasikia mbega wa Magamba kila asubuhi, lakini msitu wenyewe tuliujua kama mahali pa kukamatwa. Kina mama walikwenda kuokota kuni kavu katika siku zilizoruhusiwa, na hata siku hizo walirudi kwa haraka, kila mmoja akihofia kuulizwa panga lake ni la nini. Mwalimu wetu wa sayansi alitaka kutupeleka kuiona miti mikubwa ya mikulo, akaandika barua ya kuomba kibali, na tulimaliza darasa la saba jibu likiwa halijafika. Leo hifadhi za mazingira asilia hupokea wageni kwa kiingilio, na sina ugomvi wowote na mgeni kulipa. Ninachohoji ni kwamba mkazi wa kijiji cha jirani, ambaye maji ya mfereji wake yanatoka humo humo, huingia ama kama mbeba mizigo ya mgeni, ama kama mtuhumiwa.

Nisieleweke kwamba Waskoti ni walinzi hodari wa misitu, kwani historia yao inasema vingine. Ndani ya Black Wood bado yapo mabaki ya mifereji iliyochimbwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili magogo yaelee humo hadi ziwani, na nilipoiona nilikumbuka masimulizi ya wazee wetu kuhusu waya wa Wajerumani uliokuwa ukishusha magogo ya mitarakwa kutoka Shume hadi kwenye reli, Mkumbara. Vita vya dunia vilidai mbao zaidi. Tume ya Misitu iliyoundwa mwaka 1919 ilitafuta miti ya kukua haraka, ikapanda kwa wingi misprusi ya Sitka kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Ndiyo maana leo miti imefunika takriban asilimia 19 ya Scotland, lakini misitu ya asili ni kama asilimia 4 tu ya nchi. Hata zumari yao ya mfuko, wanayoipiga harusini na mazikoni, mirija yake huchongwa kwa mpingo, mti wa kwetu. Na lile ua dogo la zambarau linalouzwa katika maduka makubwa ya Dundee, Saintpaulia, lilitoka Usambara mwishoni mwa karne ya 19.

Ni lazima pia nikubali kwamba Mskoti hapikii kuni. Ni rahisi kufungua lango la msitu ambao hakuna anayeutegemea kwa chakula cha jioni. Tena kwa umiliki tumewatangulia: huku zaidi ya nusu ya ardhi ya watu binafsi mashambani iko mikononi mwa wamiliki wasiofika 500, ilhali sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zinazokiwezesha kijiji kuwa na msitu wake. Vijiji vya Duru-Haitemba, Babati, vilianza kuulinda msitu wao wenyewe miaka ya 1990 baada ya kupinga usifanywe hifadhi ya serikali, na msitu ukarudi. Kilwa, vijiji vimevuna mpingo kwa cheti cha kimataifa tangu mwaka 2009.

Kwa hiyo siombi misitu ya Usambara igeuzwe bustani ya wote, na kukata mti kuendelee kuwa kosa. Ninachopendekeza ni haki ya kupita kwa miguu, bila malipo wala kibali, kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa wanafunzi wakiwa na walimu wao, na kwa wazee wenye mahali pa tambiko ndani, katika njia zilizowekwa alama. Najua jibu litakalotolewa, kwamba wapasua mbao na wachoma mkaa watajificha nyuma ya haki hiyo. Lakini hao hawajawahi kungoja kibali. Wanaingia usiku na kutoka kabla ya alfajiri, wala hakuna anayewaona, kwa sababu watu wanaoweza kuwaona mchana wakiweka tanuri tumewazuia wasikanyage humo.