Gesti ya Lamu na makala za kununua kwa jumla

Nimesoma ukurasa wa gesti moja ya Lamu unaomwambia mgeni kwamba akitua uwanja wa ndege apande teksi hadi mlangoni. Mwenye nyumba hakuyaandika hayo. Uwanja uko Manda, kisiwa jirani, na kutoka Manda hadi mjini au kijiji cha Shela unavuka kwa boti. Maneno yale yalinunuliwa kwa jumla kwa mtu aliyeahidi kwamba gesti ingepanda juu Google.

Je, maandishi ya namna hii ndiyo yanayowaangusha wafanyabiashara wetu wadogo kwenye Google? Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Februari 2011 Google ilitoa sasisho la mfumo wake wa kupanga matokeo, lililoitwa Panda, na kurasa nyingi zisizo na jambo zikashuka. Agosti 2022 ukaja mfumo wa kupima kama maandishi yanamfaa msomaji, nao ulitazama tovuti nzima: rundo la kurasa hafifu liliweza kuuvuta chini hata ukurasa mmoja mzuri. Machi 2024 kipimo hicho kikaingizwa katika mfumo mkuu wa kupanga matokeo, pamoja na sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda tu, ziwe za mkono wa mtu au za akili mnemba.

Kunakili nako kuna hasara yake. Wengi huyachukua maelezo yaliyoko kwenye tovuti kubwa za kuweka nafasi na kuyabandika kwao neno kwa neno. Kwa hilo pekee Google haimwadhibu mtu. Huchagua nakala moja ya kuonyesha, na mara nyingi si ya gesti. Linaniuma, kwa sababu mwenye nyumba huishia kuzilipa tovuti hizo kamisheni kwa ajili ya mgeni ambaye angempigia simu moja kwa moja.

Upande wa pili nao usikilizwe. Anayetafuta gesti mara nyingi huletewa ramani kwanza, na hapo Google husema inaangalia mambo matatu: biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na inavyojulikana, yakiwemo maoni ya wateja. Fundi wa majahazi wa Matondoni mwenye namba sahihi, picha za kazi yake na maoni mazuri anaweza kuonekana bila kuandika aya hata moja. Tena, baada ya sasisho la Septemba 2023, wenye tovuti ndogo wengi duniani walilalamika kupoteza wasomaji, hata walioandika mambo waliyoyaishi. Kwa hiyo kuandika vizuri si hakikisho. Na mwenye gesti ndiye anayepokea wageni, ndiye anayekwenda sokoni. Ataandika saa ngapi?

Hoja hizo nazikubali, ila hazinifikishi pa kusema kwamba maandishi hayana kazi. Mgeni akishaiona nyumba kwenye ramani hufungua tovuti, na akilikuta lile la teksi, imani imekwisha. Yapo maswali ambayo tovuti kubwa haziyajibu, na mtu wa Lamu huyajibu bila kufikiri. Basi likiishia Mokowe, upande wa bara, boti ya kuvuka inapatikana hadi saa ngapi? Maji yakijaa, njia ya ufukweni ya kwenda Shela inapitika? Kusi ikivuma, bahari inakuwaje? Wakati wa Maulidi, chumba kiwekwe mapema kiasi gani? Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi katika mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora, yaani watu wanaotathmini matokeo ya utafutaji. Uzoefu huo wenye gesti zetu wanao tele, wala hauhitaji maneno elfu mbili; Google yenyewe inasema haina idadi ya maneno inayoipendelea.

Mwenye ile gesti ningemshauri azifute makala zote za kununua, akijua kwamba nafuu huweza kuchukua miezi. Abaki na kurasa tatu au nne, ya kwanza iwe ya kufika: nauli ya boti kutoka Manda, nani atamngoja mgeni gatini, mizigo itabebwaje hadi nyumbani, na ndege ikichelewa hadi jua kuchwa ampigie nani.