Singin' in the Rain: hivi Lina alistahili kuumbuliwa vile?

Jamani Singin' in the Rain, ile muvi ya 1952 ya Gene Kelly na Stanley Donen, kila mtu anaisifia kwa kile kipande cha Kelly kucheza kwenye mvua na mwamvuli wake, na ni kweli kitamu sana, ila kilichonikaa kichwani mimi ni mwisho pale pazia linapovutwa.

Kwa ambao hamjaiona, ni Hollywood mwaka 1927, muvi za kimya ndo zinakufa maana The Jazz Singer imetoka na watu sasa wanataka kusikia sauti. Staa Lina Lamont ni mrembo balaa ila sauti yake inakwaruza masikio, basi binti asiyejulikana anayeitwa Kathy (Debbie Reynolds) anaongea na kuimba badala yake. Siku ya uzinduzi watu wanataka Lina aimbe laivu, Kathy anawekwa nyuma ya pazia, stelingi Don (Kelly) na rafiki yake na bosi wa studio wanavuta kamba, ukumbi mzima unacheka na Lina anakimbia.

Wanaosema alistahili wana hoja nzito. Lina hakuishia kuazimwa sauti, aliutumia mkataba wake kuibana studio ili Kathy aendelee kumwimbia bila jina lake kutajwa popote, yaani binti wa watu azikwe akiwa hai kikazi. Huo ni ukatili na siutetei hata kidogo.

Lakini angalieni na upande wa pili. Mwanzoni kabisa mwa muvi Lina hata haruhusiwi kuongea mbele ya mashabiki, wanaomziba mdomo ni haohao wa studio, na ile stori kwamba yeye na Don ni wapenzi ni studio imeitengeneza, yeye kaisoma kwenye magazeti kaiamini. Af maiki zikaja ghafla. Kile kipande cha kurekodi kiangalieni vizuri, wanaficha maiki kwenye kichaka, akigeuza kichwa sauti inapotea, wakaihamishia kifuani yakasikika mapigo ya moyo, halafu bosi anaingia anauona waya anauvuta na Lina anapinduka. Tunacheka, na mimi nilicheka, ila hakuna aliyemfundisha yule dada kazi mpya kwa upole.

Na kubwa zaidi, muvi yenyewe ilifanya kilekile. Wimbo wa Would You?, ule Kathy anaonekana akimrekodia Lina, Reynolds hakuimba yeye, aliimba Betty Noyes na jina lake halikuwekwa. Pale Kathy anapomwingizia Lina sauti ya maongezi, inayosikika ni sauti halisi ya Jean Hagen, huyohuyo aliyeigiza Lina! Na Hollywood haikuacha, Marni Nixon akamwimbia Natalie Wood kwenye West Side Story 1961 na Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady 1964, kote bila jina.

Sisi tuliokulia kwenye muvi za Kihindi, Dar, Zanzibar, Mombasa, mtu kuimbiwa kwetu sio kosa, tunajua Lata Mangeshkar ndo anaimba na yule wa kwenye skrini anafungua mdomo tu, na wote tunawapenda. Ila hata huko majina yalifichwa kwanza, santuri ya muvi ya Mahal ya 1949, aliyoimba Lata, iliandikwa Kamini, jina la mhusika wa mwigizaji Madhubala, mpaka wasikilizaji wakaanza kuiuliza redio ni nani huyu anayeimba.

Ndo maana naona kosa ni kuficha jina, na wa kwanza kulibeba kosa hilo ni bosi. Aliujua mpango, akaukubali, akavuna pesa, na upepo ulipogeuka akashika kamba pamoja na wenzake. Wanaosema Lina alistahili nawaelewa kwa lile la mkataba, ila warudie kile kipande waangalie ile mikono kwenye kamba, halafu waniambie kwa nini bosi yuko upande wa wanaoshangiliwa.