Mrithi Akiwa Mzungu ni Historia, Akiwa Dada Yako ni Tamaa

Binamu yangu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu anajijua, alitufowadia ujumbe mrefu kwenye kikundi cha familia Jumapili jioni, ile saa ambayo watu wametoka kanisani, wameshiba na hawana la kufanya. Ulikuwa ukoo mzima wa Idina Sackville, yule mzungu tajiri wa enzi za ukoloni aliyeishi bonde la Wanjohi. Nani alimzaa nani, nani alimwacha nani, mali ilitoka wapi ikaishia kwa nani. Akaweka na picha ya Clouds, nyumba yake ya kule chini ya Kipipiri. Mwisho akaandika, "Tujue historia yetu." Watu wakapiga makofi ya emoji mpaka simu yangu ikapata moto.

Huyu ndiye yule yule ambaye, tulipokaa chini ya mparachichi nyumbani Kiambu kwa marehemu guka, babu yetu, kuzungumzia shamba, alisimama akatangaza kwamba shangazi zetu "wana kwao". Kwao ni kwa waume zao. Mmoja wa hao shangazi mumewe alikufa zamani na mashemeji wakamtimua kabla matanga hayajaisha, lakini ana kwao. Kaa hapo.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta habari za ukoo, tuuangalie basi huo ukoo, tena vizuri.

Koo za matajiri huanzia kwenye pesa, hata kama kwenye vitabu vyao huanzia kwenye ngao na farasi. Hapa pesa zilitoka kwa Thomas Brassey, mkandarasi Mwingereza aliyezaliwa 1805. Kufikia 1847 alikuwa amehusika kujenga karibu theluthi ya reli za Uingereza, kisha akavuka bahari akajenga Ufaransa, Italia, Kanada, mpaka ile reli ya vita vya Crimea. (Ya kwetu ya Mombasa si yake. Ilipoanza alikuwa ameshazikwa.) Alipofariki 1870 aliacha zaidi ya pauni milioni 5. Za wakati ule, si hizi za leo za kununulia kahawa na andazi.

Muriel Brassey alikuwa mjukuu wake. Mwaka 1891 akaolewa na Gilbert Sackville, mwana wa ukoo wa De La Warr. Bwana alileta jina, bibi akaleta pesa. Wenyewe hawakuona haya juu ya mpango kama huo, ndivyo mabwana wengi wa Uingereza walivyookoa mapaa ya majumba yao. Ndoa ikavunjika, wakatalikiana 1902, na Muriel akabaki na watoto watatu na hela zake mwenyewe. Sasa angalia alichofanya nazo. Aliunga mkono harakati za wanawake kupata kura, na akamsaidia George Lansbury, yule mwanasiasa wa chama cha Leba aliyekuwa mwiba kwa matajiri wenyewe. Mwanawe wa kiume, Herbrand, Earl De La Warr wa tisa (Earl ni cheo cha kurithi cha mabwana wa kule), akaingia chama hicho hicho, na mwaka 1937 akaongoza tume ya elimu ya juu Afrika Mashariki, ile iliyopendekeza Makerere ikuzwe kuelekea chuo kikuu. Kwa hiyo ukikutana na mzee anayekuringia kwamba alisoma Makerere, mwambie aishukuru pia mirathi ya mama mmoja aliyeachika.

Binti mkubwa wa Muriel ndiye Idina, aliyezaliwa 1893. Huyu hahitaji maelezo Nairobi, kila mtu ana hadithi yake ya klabu ya Muthaiga na ya mabafu. Waume watano. Wa kwanza alikuwa Euan Wallace, Idina akamzalia wavulana wawili, akawaacha, na wote wawili wakafa katika Vita vya Pili vya Dunia. Kitukuu wake wa upande huo aliolewa na George Osborne, ambaye alikuja kuwa waziri wa fedha wa Uingereza 2010. Pesa zinajua njia ya kurudi nyumbani.

Na mume wa pili aliingia naye Kenya 1919, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilikuwa inawagawia askari wazungu wa Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba kwa bahati nasibu. Ndiyo, bahati nasibu. Unachomoa karatasi, unapata maelfu ya ekari ambazo watu wengine walikuwa wakilishia ng'ombe. Waafrika waliobeba mizigo ya vita vile vile, maelfu kwa maelfu wakafia njiani, walipewa Kariakor, mtaa wa Nairobi ulioitwa kwa kikosi chao cha wabebaji, Carrier Corps. Si ploti za Kariakor, jina tu.

Mume wa tatu, 1923, alikuwa Josslyn Hay, baadaye Earl wa Erroll. Wakapata mtoto mmoja, Diana, mwaka 1926. Wakaachana 1930. Usiku wa tarehe 24 Januari 1941 Erroll akakutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake kule Karen, njia ya Ngong. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa mpenzi wa Erroll, akashtakiwa na kuachiliwa, na tangu hapo kila mwenye nafasi Nairobi ana mshukiwa wake. Binafsi sishughuliki na nani alifyatua. Mtu amezikwa Kiambu, kanisa la St Paul's, apumzike. Ninachotaka ni kile ambacho binamu yangu alikiruka kwa mstari mmoja: nani alirithi?

Alirithi binti. Msichana wa miaka 15, analelewa na jamaa Uingereza, baba ameuawa Kenya, mama yuko Kenya na mume wa tano. Uearl wa Erroll ni wa Scotland, ulianza 1452, na kwa utaratibu wake unaweza kumshukia mwanamke pale ambapo hakuna mwana wa kiume. Diana akawa Countess wa Erroll wa 23, na pamoja nao akarithi cheo cha Konstebo Mkuu wa Scotland ambacho ukoo ule umekishika tangu enzi za Robert Bruce. Hakuna aliyemwambia ana kwao.

Lakini subiri, nisije nikawapamba. Baba yake alikuwa na cheo cha pili, cha Baron Kilmarnock, chenye utaratibu wa wanaume peke yao. Hicho kikaruka juu ya kichwa cha msichana kikaenda kwa baba yake mdogo. Hata huo uearl, wanawake waliorithi vyeo hawakuruhusiwa kuketi katika Bunge la Mabwana mpaka sheria ilipobadilishwa 1963, mwaka ule ule sisi tulioshusha bendera yao. Kwa hiyo nao ni wale wale. Tofauti ni kwamba walibanwa wakabadilisha sheria, na sheria ilipobadilika wakaifuata. Diana alipofariki 1978, mwanawe Merlin akawa Earl wa 24 kupitia kwa mama. Sasa chora mstari: Brassey, Muriel, Idina, Diana, Merlin. Wanawake watatu wamekaa katikati pale, na bila wao binamu yangu asingekuwa na cha kufowadi Jumapili.

Turudi Kiambu.

Sisi Wakikuyu ni watu ambao koo zetu zote zinaitwa kwa majina ya wanawake. Wote tumefundishwa hadithi ya mabinti wa Mumbi, mama wa kabila letu, kabla hatujajua kuhesabu, tisa na mmoja wa kutimiza. Anjiru wanatoka kwa Wanjiru, Ambui kwa Wambui, Agaciku kwa Wanjiku. Mzee akisimama kwenye ruracio, sherehe ya mahari, kujitambulisha anataja jina la mwanamke kwa kifua mbele. Mtoto wa kike wa kwanza anapewa jina la mama yake baba, ili shosho asipotee. Tunayatunza majina yao vizazi na vizazi. Ikifika siku ya kuleta kamba ya kupima shamba, hao wenye majina wanaambiwa waende jikoni wakaangalie kama chai imeiva.

Na kazi yenyewe hufanyika kimyakimya, ndiyo inayoniudhi zaidi. Hakuna anayesimama kupigana na dada yake. Kuna barua ya chifu. Unaenda kwa chifu na wazee wawili, anaandika marehemu aliacha watoto hawa na hawa, na kwenye orodha kuna Kamau, Njoroge na Mwangi. Wasichana hawakuzaliwa. Watu waliolala na marehemu hospitalini, waliomwogesha, waliouza kuku kulipa dawa, hawakuzaliwa. Halafu barua hiyo inapelekwa kortini pamoja na kiapo, na tangazo linachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, ambalo shangazi wa Githunguri hulisoma kila Ijumaa asubuhi, bila shaka, kabla ya kukamua ng'ombe. Siku 30 za pingamizi zinapita. Kazi imeisha.

Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972 na ikaanza kutumika 1981. Ina miaka mingi kuliko huyo binamu. Inasema mwombaji ataje watoto wote wa marehemu, na pale ambapo hakuna mjane, mali igawanywe sawa kwa watoto. Watoto, haisemi wavulana. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, ikaongeza kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi uondolewe. Na katikati hapo, 2005, Mahakama ya Rufaa ilishughulikia kesi ya kutoka upande wa Eldoret, familia ya mzee aliyeacha zaidi ya ekari 190. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wavulana ekari 30 kila mmoja na wasichana ekari 5. Hoja ikawa ile ile ya chini ya mparachichi, kwamba hawa wataolewa. Majaji wa rufaa wakaikataa. Kuolewa hakukuwa sababu ya kumpunja mtoto. Watoto wakalinganishwa. Hiyo ndiyo hukumu inayostahili kufowadiwa kwenye vikundi vya familia Jumapili jioni, lakini haina picha ya nyumba nzuri.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande: mashamba yamekwisha. Cha guka ni ekari chache zenye majani chai na mgomba, na ukizigawa kwa watoto wote utabaki na vipande vya kupanda sukuma wiki. Sawa. Lakini hesabu hiyo huanza kuuma pale tu anapoongezwa msichana. Wavulana wakiwa saba hakuna anayesema shamba ni dogo. Wanagawana ploti za futi hamsini kwa mia, wanajenga vyumba vya kupangisha na wanaendelea na maisha.

Wengine watasema nimeletwa na wazungu, nimesoma sana, nimekaa Nairobi nikasahau mila. Ile ya kurithisha kupitia hati miliki na korti ni mila ya nani?

Na kabla hujaniuliza nafaidika nini, baba yangu ni mwana wa guka. Shangazi zangu wakipewa haki yao, sehemu ya baba inapungua, na yangu baadaye inapungua nayo. Nimepiga hesabu. Nitapungukiwa na karibu mistari yote ya majani chai iliyo upande wa mto. Baba mwenyewe hanisemeshi vizuri siku hizi, anaitikia salamu kisha anaongeza sauti ya redio. Mama ananiambia ninyamaze kwanza, halafu akiwa jikoni peke yake na mimi ananiuliza maswali kuhusu shamba la baba yake yeye.

Niseme na hii ya fomu, maana wengi wenu mko hapo sasa hivi. Kuna fomu ya ridhaa ambayo watoto wote wanatakiwa kusaini kama hawapingi. Kaka zako watakuletea nyumbani, wamebeba mkate na sukari, watakuuliza watoto wanaendeleaje na shule. Watakwambia ni ya "kusongesha mambo tu". Usisaini kitu ambacho hujakisoma, na usisaini siku hiyo hiyo. Na kama walishakuacha nje, kama cheti cha kusimamia mirathi kilishatolewa na jina lako halimo, mlango haujafungwa: kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu korti kukifuta cheti kilichopatikana kwa kuficha mambo ya maana. Dada mzima aliyefichwa ni jambo la maana.

Shangazi yangu mkubwa aliletewa hiyo fomu. Akapokea mkate, akapokea sukari, akasema miwani yake imepotea. Juzi akanipigia kuuliza kama kwenye korti ya Kiambu mtu huingia na kitambulisho pekee ama lazima aende na wakili. Nikamwambia aje na kitambulisho na cheti cha kifo cha guka, wakili tutamchangia. Mwekahazina ni mimi.