Ivan wa kompyuta na Ivan wa Kremlin

Mapema miaka ya 1980, taasisi ya utafiti ya RAND ya Santa Monica, California, ilitunga programu ya kompyuta ya kuchezea vita kuu kati ya Marekani na Urusi ya Kisovieti. Ndani yake kiongozi wa Marekani aliitwa Sam, wa Kremlin, makao ya serikali huko Moscow, akaitwa Ivan. Michezo ya vita iliyochezwa na watu ilikuwa na kasoro: maofisa hukusanywa, hucheza siku kadhaa, kisha hutawanyika, na hakuna wa kuurudia mchezo ili kuona ingekuwaje Ivan angekuwa mwoga zaidi.

Hapo kompyuta ina hoja nzito. Ivan aliamua kwa kanuni zilizoandikwa. Mwenye shaka aliweza kuzisoma na kuzibishia. Kichwa cha mtaalamu hakifunuliki hivyo. Septemba 1962 wachambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walikadiria kwamba Wasovieti hawaelekei kuweka makombora ya nyuklia Kuba, kwa kuwa haikuwa desturi yao. Mwezi uliofuata ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, ikayapiga picha huko huko. Anayedai kompyuta haiwezi kumjua Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti wakati huo, anasema kweli, ila hata waliolipwa kumjua hawakumjua.

Lakini tazama upande wa Moscow. KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, nayo ilikuwa na programu, yenye vigezo takribani 40,000, iliyopima nguvu za Wasovieti dhidi ya za Marekani, ambayo daima ilipewa 100. Pengo likipanuka, Marekani ilidhaniwa kuvutwa zaidi kushambulia kwanza. Hofu hiyohiyo iliwatuma majasusi London kuangalia hata taa za usiku katika ofisi za serikali. Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB aliyeitumikia Uingereza kwa siri, alieleza baadaye kwamba wenzake walipeleka habari za kutisha wasizoziamini wenyewe, kwa sababu makao makuu yalizitaka. Kompyuta inayolishwa habari kama hizo hukurudishia hofu yako, safari hii ikiwa na tarakimu.

Kwangu, tofauti kubwa iko hapa: RAND ilitunga Ivan zaidi ya mmoja, huyu wa kuthubutu, yule wa tahadhari, ili watu wabishane. Moscow ilitaka namba moja. (Akina Ivan wote walitungwa na Wamarekani, na dosari hiyo haifutiki.)

Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walizijaribu programu tano za akili bandia zinazotunga maandishi katika michezo ya namna hii. Zote zilionyesha mwelekeo wa kuchochea mgogoro, tena kwa namna isiyotabirika. Hizi hazina hata orodha ya kanuni ya kubishia.